Je, Binaadamu Amekwenda Mbele, au Amebadili Mavazi Tu?

Wasomaji wetu watukufu, katika mabaraza yetu ya pwani kuna kauli mbili zishindanazo kila jioni. Mzee husema kuwa dunia imeharibika: watu wa zamani walikuwa na haya na amana, na neno la mtu lilitosha bila ya karatasi. Kijana naye humjibu kuwa dunia haijapata kuwa njema kama leo: zamani mtu akiuzwa sokoni kama mbuzi, na leo mnyonge aweza kuishitaki serikali na akashinda. Sisi twaona kila mmoja wao ameshika nusu ya hoja, na ameishika nusu hiyo kwa kuwa yampendeza. Mzee hupenda kusikia kuwa ujana wake ulikuwa bora, na kijana hupenda kusikia kuwa yeye ni bora kuliko babu yake. Basi yafaa suali hili liondolewe katika mapenzi ya nafsi, lipelekwe mbele ya ushahidi.

Na kwanza tubainishe tunachouliza. Hatuulizi juu ya vyombo. Hapana mwenye akili atakayekataa kuwa barabara ya lami ni bora kuliko njia ya tope, na kuwa sindano ya daktari imeokoa watoto ambao zamani wangezikwa. Lakini chombo humwongezea mtu nguvu tu, wala hakimwambii nguvu hiyo aitumie wapi. Barabara ile ile inayompeleka mgonjwa hospitali humpeleka na askari kuchoma nyumba za watu. Tunachouliza ni mambo mawili: tabia ya mtu kwa mwenziwe asiyekuwa wa kwao, na namna mwenye mamlaka anavyomtendea asiyekuwa na mamlaka. Katika mawili haya, je, binaadamu wamepiga hatua ya kweli?

Mahali tulipopachagua kupima jambo hili ni Nyeri na miji iliyouzunguka Mlima Kenya: Karatina, Nanyuki, Embu na Meru. Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akatuuliza, yatuhusu nini sisi ya huko barani? Twamjibu kwa majibu mawili. La kwanza ni kuwa mambo ambayo katika nchi nyingine yalichukua miaka mia tano, huko yamepita katika muda wa miaka mia na ishirini, mtu na mjukuu wake wakiyaona kwa macho, na yameandikwa. La pili ni kuwa khabari za huko na zetu zimeshikana. Mitaa ya Majengo iliyoko Nyeri na Nanyuki ni athari ya Waislamu wa mwanzo waliopanda huko pamoja na misafara, wachukuzi na askari na wachuuzi. Na walipofungwa watu wa mlimani katika miaka ya 1950, baadhi yao waliletwa huku kwetu, katika kisiwa cha Manda kinachokabiliana na Lamu, na Hola iliyo kandoni mwa mto Tana. Mmoja wao, Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, aliziandika khabari za kufungwa kwake, na kitabu chake kikapata tunzo ya Noma mwaka 1984. Basi pwani yetu ilikuwa ndiyo gereza la watu hao, na mwenye nyumba hawezi kusema hayamhusu yanayotendeka uani kwake.

Tuanze na hoja ya mzee, kwa kuwa ina haki ya kusikilizwa kwanza. Kabla ya kuja Waingereza, Wakikuyu hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, na kila baada ya muda wa kama miaka thelathini kizazi kimoja kilikabidhi mamlaka kwa kizazi kingine kwa sherehe kubwa waliyoiita ituika. Mamlaka yaliondoka mikononi mwa wazee yakaenda kwa wana wao, na wote walijua mapema kuwa siku hiyo itafika. Twauliza: ni serikali ngapi za leo, zenye mabunge na magazeti na wanasheria, ambazo wakubwa wake wako radhi kuondoka wakati wao ukifika? Asemaye kuwa Waafrika walifundishwa siasa na wageni hajui asemalo.

Lakini hoja hiyo ina mpaka wake. Insafu ile ilikuwa ya watu wa nyumbani. Ilipovuka ukingo wa kabila, ilisita. Wakikuyu na Wamasai walivamiana, ng'ombe wakichukuliwa na wanawake wakitekwa, na mshindi akirudi kwao husifiwa. Hatuwatahayarishi wao peke yao. Hali ilikuwa hiyo hiyo katika sehemu nyingi za dunia, na huku pwani ilikuwa mbaya zaidi, kama tutakavyoeleza. Tabia njema ya zamani ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na ukuta, na mtu wa nje ya ukuta hakuwa na haki ya kulia.

Sasa tuyatazame waliyoyafanya wale waliokuja wakidai kuwa wameleta ustaarabu. Mji wa Nyeri ulianzishwa na Waingereza mwishoni mwa mwaka 1902 kuwa ngome yao, baada ya kuwapiga vita watu wa Tetu. Ofisa mmoja aliyekuwamo katika vita vya miaka ile, Richard Meinertzhagen, ametoa kitabu mwaka 1957 cha khabari zake za kila siku. Humo ameeleza namna alivyoamrisha kijiji kimoja cha Wakikuyu kiangamizwe, wauawe wote isipokuwa watoto, kuwa ni kisasi cha Mzungu mmoja aliyeuawa. Wako wataalamu wanaoyatilia shaka maandishi ya mtu huyu. Lakini sisi twalitazama jambo jingine: ikiwa ni kweli, au ikiwa ameongeza chumvi, vyovyote vile hakuona aibu kuyaandika wala kuyachapisha. Kwake yeye ilikuwa ni khabari ya kazi iliyokwisha.

Yakapita miaka 50. Mwezi wa Februari 1952 binti wa mfalme wa Uingereza alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti karibu na Nyeri, na usiku huo baba yake akafariki, akawa yeye ndiye malkia. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari katika Kenya kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Kuanzia mwezi wa Juni 1954 watu zaidi ya milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa waya na mahandaki. Makumi elfu walitiwa kambini bila ya kuhukumiwa. Mwanahistoria David Anderson amehisabu watu 1,090 walionyongwa kwa hukumu ya mahakama katika vita hivyo. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi zake, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Akiishia hapa msomaji, atasema: basi hapana kilichobadilika tangu 1902 isipokuwa wingi wa waliodhulumiwa. Lakini kuna kitu kimoja kilichobadilika, nacho ni kidogo kwa kukitazama, na kwa kukifikiri ni kikubwa. Mwaka 1957, mwanasheria mkuu wa serikali ya Kenya, Eric Griffith-Jones, alimuandikia Gavana juu ya kupigwa kwa wafungwa, akamhadharisha kuwa ikiwa wao ni wa kutenda dhambi basi na waitende kimya kimya. Mwaka 1902 dhuluma iliandikwa kama mtu aandikavyo khabari za mvua. Mwaka 1957 ilihitaji kunong'onwa. Na tarehe 3 Machi 1959, walipopigwa wafungwa Hola hata wakafa 11 kwa kukataa kazi ya kulazimishwa, serikali haikusema, "Tumewapiga." Ilisema kwanza kuwa wamekufa baada ya kunywa maji.

Huenda mtu akatuambia: je, uwongo ni maendeleo? Yule wa kwanza aliua na akasema kweli, na hawa wameua na wakasema uwongo. Basi si hawa ndio waovu zaidi? Hoja hii ina nguvu, wala hatutaki kuikimbia. Jawabu yetu ni hii: mwizi anayengoja usiku amekwisha kukiri kuwa mchana ni wa wenye mali. Mtu hafichi ila lile analojua kuwa kuna mwenye kuliuliza. Kwa nini Gavana aliogopa? Kwa sababu kulikuwa na Bunge lililoweza kuuliza, na magazeti yaliyoweza kuandika, na watu katika Uingereza kwenyewe waliokuwa wamechoka kudanganywa. Tarehe 27 Julai 1959 jambo la Hola lilijadiliwa katika Bunge la London hata usiku wa manane, na miongoni mwa waliolaumu vikali zaidi alikuwa Enoch Powell, mtu wa chama kile kile cha serikali, aliyeshikilia kuwa haiwezekani kuwa na mizani moja ya Waingereza na nyingine ya Waafrika. Tangu hapo siku za makambi zikawa za kuhesabika.

Wala msomaji asidhani kuwa twamsifu mtu huyo. Mwaka 1968 Powell huyo huyo alisimama Birmingham akatoa khutuba ya kuwachochea watu wa nchi yake juu ya wageni weusi na Wahindi waliohamia kwao. Twamtaja kwa kuwa yeye ni mfano wa jambo tunalolitaka: wema haukai moyoni mwa mtu kama jiwe likaavyo chini ya kisima. Mtu mmoja aweza kusimama na haki mwaka huu, na asisimame nayo miaka tisa baadaye. Ikiwa mtu hawezi kujirithisha wema yeye mwenyewe, atawezaje kuwarithisha wajukuu wake?

Sasa tuitazame hatua ya tatu. Mwaka 2009 wazee wa Kenya waliishitaki serikali ya Uingereza mbele ya Mahakama Kuu ya London. Miongoni mwao alikuwamo Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa Hola akanusurika, na Jane Muthoni Mara, aliyeteswa akiwa msichana. Katika kesi hiyo serikali ya Uingereza ililazimika kukiri, mwaka 2011, kuwa ilikuwa na mafaili mengi ya Kenya iliyoyaficha tangu mwaka wa uhuru. Hata tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama Bungeni akakubali kuwa Wakenya waliteswa, akaeleza majuto ya serikali yake, na ikalipwa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Malkia aliyelala Treetops alikuwa angali katika kiti chake. Hata hivyo kukiri huko hakukukamilika. Watu wengine zaidi ya 40,000 walishitaki, na mwaka 2018 madai yao yalikataliwa, sababu kubwa ikiwa ni kwamba muda mrefu umepita. Na Mukami, mjane wa Kimathi, alifariki mwezi wa Mei 2023, miaka 66 baada ya mumewe kunyongwa, na hakuna aliyewahi kumuonyesha kaburi la mumewe alizuru.

Katika khabari hizi sisi twapata mizani ya suali letu. Dhuluma ina daraja nne. Ya kwanza ni pale watu wanapojivunia dhuluma. Ya pili ni pale wanapoificha. Ya tatu ni pale wanapoikiri na kumlipa aliyedhulumiwa. Ya nne ni pale wanapoiacha. Asemaye kuwa kutoka ya kwanza hadi ya pili si kitu, hajapata kuwa mfungwa. Maana mfungwa anayepigwa na mwenye khofu ya kuulizwa ana tamaa ya kuishi, na anayepigwa na mwenye kujivuna hana. Lakini asemaye kuwa aliyefika ya tatu amefika, naye amekosea, kwa sababu daraja hizi hazina mlango unaojifunga nyuma ya mtu. Watu waweza kupanda, na waweza kushuka.

Ushahidi wa kushuka hatuhitaji kuutafuta London. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 kwa damu ya watu hao wa mlimani, na serikali ya uhuru ikaliacha jina la Mau Mau chini ya marufuku ya mkoloni hata mwaka 2003. Sheria za kumfunga mtu bila ya hukumu, zilizowalaza wazee katika makambi, hazikuchomwa moto. Zilipewa jina jipya zikatumiwa. J. M. Kariuki, aliyefungwa na Waingereza akaandika kitabu juu ya makambi yao mwaka 1963, aliuawa mwezi wa Machi 1975 katika Kenya iliyo huru, na hapana aliyehukumiwa kwa kumuua. Katika miaka ya 1980 watu walipigwa na kutiwa katika maji ndani ya vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya Nairobi, juu yao makarani wakitoa pasi za kusafiria. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, alipigwa na polisi hata akapoteza fahamu mwaka 1992, alipokuwa pamoja na kina mama waliodai watoto wao waliofungwa kwa ajili ya siasa. Mkono uliopiga ulikuwa mkono wa Muafrika. Basi waliodhani kuwa dhuluma ni rangi ya ngozi waliona kuwa sivyo.

Na ushahidi wa kupanda upo pia, na si haki kuuficha. Tangu mwaka 1987 hakunyongwa mtu kwa hukumu katika Kenya, ingawa hukumu yenyewe ingali katika sheria. Na nchi hii ndiyo iliyonyonga watu zaidi ya 1,000 katika miaka ya hali ya hatari. Vyumba vya Nyayo House vilifunguliwa watu wavione mwaka 2003. Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 imekataza kutesa, wala haikuacha wakati wowote, wa vita wala wa amani, ambao kutesa kutakuwa halali. Na tangu mwaka huo Mahakama Kuu imewapa fidia watu waliofungwa katika vyumba hivyo. Jina la Kimathi, ambalo zamani mtu hakulitaja Nyeri ila kwa kunong'ona, leo ni jina la chuo kikuu kilichoko Nyeri.

Kisha tazama namna kupanda na kushuka kunavyokutana katika mwaka mmoja. Mwezi wa Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga sheria ya kodi, katika Nairobi na Mombasa, na katika Nyeri, Nanyuki na Embu pia. Makumi kati yao waliuawa. Wengine walichukuliwa na watu wasiojulikana, walioficha nyuso zao. Wazee wa mlimani wanakumbuka kuwa katika miaka ya 1950 mtoa khabari alivikwa gunia kichwani, akabaki na matundu ya macho, akawanyoshea kidole jirani zake. Miaka 70 imepita na uso ungali umefunikwa. Lakini mwezi wa Disemba 2024 alipochukuliwa kijana mmoja wa Embu, watu wa Embu waliandamana mchana wakidai arudishwe, na majaji wakawaita wakubwa wa polisi wajieleze. Na mwezi wa Januari 2025 alirudi kwao akiwa hai. Mwaka 1954 hapana aliyeandamana Embu, wala hapana jaji aliyemuita mkubwa wa kambi. Huko ni kupanda kwa kweli. Nasi watu wa pwani, ambao tangu mwaka 2012 tumeona mashekhe wakipigwa risasi katika barabara za Mombasa na wauaji wao wasihukumiwe, twajua thamani ya mji unaosimama kwa ajili ya kijana wake.

Tusiwasifu watu wa mlimani pasi na kiasi. Wao nao wana lao wasilopenda kulisema. Vita vile havikuwa vya Mzungu na Mkikuyu tu. Vilikuwa vya ndugu na ndugu. Chifu Mkuu Nderi aliuawa karibu na Nyeri tarehe 22 Oktoba 1952, siku mbili baada ya kutangazwa hali ya hatari, na Waafrika wengi waliouawa na Mau Mau walikuwa wanakijiji wenziwao. Upande wa pili, mashamba yalipogawanywa upya wakati huo wa vita, wengi waliokuwa kambini walirudi wakakuta ardhi yao ina mwenyewe. Wajukuu wa pande zote mbili leo wakaa katika kata moja na wasali kanisa moja, na jambo hilo halitajwi. Hiyo ni daraja ya pili.

Sasa, ndugu msomaji, tumefika penye uzito. Tumewapima Waingereza, tumewapima watu wa mlimani, tumeipima serikali. Je, tutaikunja mizani kabla ya kujipima sisi wenyewe?

Mashamba ya minazi na nafaka ya Malindi, Mombasa na Lamu yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ulivunjwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Na mwaka huo wa 1907 serikali ilipolipa fidia, ilimlipa nani? Ilimlipa bwana kwa hasara ya mtumwa wake. Mtumwa aliyelimishwa maisha yake yote hakupewa hata mche wa mnazi. Linganisha na mwaka 2013, ambapo fidia ilikwenda kwa aliyepigwa. Ni serikali ile ile, na kati ya malipo mawili hayo ni miaka 106. Mwenye kutuambia kuwa binaadamu hawakusogea hata shibiri moja, na aeleze kwanza kwa nini fedha zimebadili njia.

Lakini hiyo ni hatua ya serikali. Hatua yetu sisi ni ipi? Wazee wetu waliwamiliki watu waziwazi na wakawarithisha kwa wosia. Sisi hatujivunii hayo tena, na hapana kijana wa leo atakayesimama msikitini akautetea utumwa. Basi tumetoka daraja ya kwanza. Lakini je, tumefika ya tatu? Watoto wetu tunawafundisha ushujaa wa mababu waliopigana na Wareno, wala hatuwaambii nani alilima mashamba ya mababu hao. Posa ikiletwa, bado iko nyumba inayouliza kwanza "asili" ya mposaji kabla ya kuuliza dini yake na tabia yake, na sote twajua kinachoulizwa. Na tukikasirika, neno la "mtumwa" lingali karibu na ulimi. Twawalaumu Waingereza kwa kuficha mafaili yao miaka 50, na sisi letu tumelificha zaidi ya miaka 100, katika vifua, ambamo hakuna mahakama iwezayo kuamrisha lifunguliwe.

Wako watakaosema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema, lakini mganga naye huuliza ugonjwa ulianza lini. Wala hatusemi kuwa mjukuu abebe dhambi ya babu yake. Kila mtu na mzigo wake. Tunachosema ni kuwa mjukuu anayeifunika dhambi ya babu yake kwa ajili ya kulinda heshima, huyo ameanza mzigo wake mwenyewe.

Basi jawabu yetu kwa mzee na kijana wa barazani ni hii. Binaadamu wamekwenda mbele, na ushahidi upo. Lakini waliyojiwekea akiba ni vyombo tu: sheria iliyoandikwa, mahakama ambayo mnyonge aweza kuingia, kalamu isiyoogopa, na kumbukumbu ya waliodhulumiwa. Wema wenyewe haukuwekwa akiba, wala hauwezi. Kila kizazi huzaliwa kikiwa hakina, na huukuta mlango wake uko wazi au umefungwa kwa kadiri ya kazi ya waliotangulia. Mzee amekosea kudhani kuwa wema ulizikwa na rika lake. Kijana amekosea kudhani kuwa ameurithi.

Na kwa kuwa jambo hili si la kusoma tu likawekwa, twawanasihi wasomaji wetu mambo matatu. La kwanza, waliodhulumiwa katika miji yetu waulizwe khabari zao wangali hai, na ziandikwe, maana ushahidi wa wazee wa mlimani ulisikilizwa London kwa kuwa walikuwapo waliouhifadhi. La pili, mtu akichukuliwa na mkono usiojulikana, tusiulize kwanza ni wa kabila gani au wa madhehebu gani. Tuulize yuko wapi. La tatu, katika madarasa yetu watoto wafundishwe tuliyotendewa pamoja na tuliyotenda, kwa sauti moja. Na posa itakayoletwa mwezi huu katika nyumba ya yeyote miongoni mwetu, iwe ndiyo mtihani wetu wa kwanza.